Mtoto mwenye mzio wa karanga na korosho ughaibuni: uchambuzi wa kisa kimoja

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia ya Kitanzania iliyohamia Ujerumani kwa ajili ya masomo ya baba, ikiwa na mtoto mmoja wa kike ambaye baadaye alibainika kuwa na mzio mkali wa karanga na korosho. Mimi ni muuguzi, na niliifahamu familia hii nilipokuwa nikiwasaidia ukalimani kliniki. Mengi ninayoyaeleza niliyashuhudia, na yaliyosalia nimeyapata kwa wazazi wenyewe. Wameridhia kisa kiandikwe kwa sharti kwamba majina, mji na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yaondolewe, na katika sehemu chache nimebadilisha jambo dogo lisilogusa kiini cha habari.

Visa vingi vya mzio wa chakula husimuliwa kana kwamba kazi yote ni kujua kilichomo ndani ya chakula. Katika kisa hiki wazazi walijua, tena vizuri. Kilichowashinda kwanza ni kuamua wakati mwili wa mtoto ulipoanza kubadilika mbele ya macho yao, na hilo ndilo nitakalolipa nafasi kubwa zaidi.

Usuli

Mtoto alizaliwa kusini mwa Tanzania, katika eneo ambalo korosho ni zao kuu la biashara. Tangu miezi mitatu alikuwa na pumu ya ngozi kwenye mashavu na mikunjo ya viwiko. Alipofika miezi minane alianzishiwa uji wa lishe wa mahindi, ulezi, soya na karanga, na siku hiyohiyo akatoka vipele kuzunguka mdomo. Mama aliuacha uji huo, na watu wa nyumbani wakakubaliana kwamba ulikuwa mzito mno kwa tumbo lake. Miezi michache baadaye mtoto alishika korosho zilizobanguliwa nyumbani, akajipangusa usoni, na jicho moja likavimba hadi jioni. Tukio la pili halikuunganishwa na la kwanza, na hakuna mhudumu wa afya aliyeelezwa yote mawili kwa pamoja.

Familia ilipofika Ujerumani mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Ngozi iliharibika zaidi katika miezi ya baridi. Mama, ambaye alikuwa bado hajui Kijerumani na hakuwa na mtu wa kumuuliza karibu, alitafuta majibu kwenye simu yake na akaanza kumwondolea mtoto chakula kimoja baada ya kingine: maziwa ya ng'ombe, mayai, samaki, ngano, kisha maembe, kwa sababu alisoma kwamba mwembe na mkorosho ni miti ya ukoo mmoja. Mtoto alibaki anakula wali, viazi, nyama ya kuku na ndizi.

Uchunguzi

Ujerumani ina ratiba ya uchunguzi wa watoto wadogo ambayo kila mzazi huifuata kwa daktari wa watoto, na ule wa kutimiza miaka miwili ndio uliofichua mambo. Uzito wa mtoto ulikuwa kilo 10.2, karibu sawa na uzito aliokuja nao miezi minne kabla. Daktari alishtushwa na uzito kuliko ngozi, akamwandikia rufaa ya kliniki ya mzio.

Kipimo cha ngozi na kipimo cha damu vilionyesha kingamwili dhidi ya karanga na korosho kwa kiwango kikubwa, na dhidi ya ufuta kwa kiwango kidogo. Maziwa, mayai, samaki na ngano havikuonyesha kitu. Hapo daktari wa mzio aliuliza swali ambalo nadhani liliokoa muda mwingi: mtoto amewahi kula nini bila kudhurika? Mama alikumbuka kashata za ufuta ambazo bibi alikuwa akizisaga na kumlambisha mtoto mara nyingi, na hakuna siku alipopata hata kipele. Daktari akaagiza ufuta uendelee kuliwa. Kuwa na kingamwili katika damu si sawa na kuwa na mzio, na chakula ambacho mwili tayari umekizoea kikiondolewa bila sababu, kinaweza kurudi baadaye kama adui wa kweli. Maembe nayo yalirudishwa siku hiyohiyo. Ni kweli kwamba embe na korosho ni ndugu, lakini kwa wagonjwa wengi undugu unaoleta shida ni wa korosho na pistachio, aina nyingine ya njugu, ambazo protini zake zinafanana sana. Kwa hiyo pistachio iliingizwa kwenye orodha ya makatazo ingawa mtoto hakuwahi kuionja.

Mtaalamu wa lishe alipewa kazi ya kuirudisha mezani milo yote iliyoondolewa. Ngozi ilitibiwa kwa krimu za kulainisha na dawa ya kupaka, si kwa njaa. Katika miezi sita iliyofuata uzito ulipanda, na nawasihi wasomaji walitazame jambo hili kwa makini kwa sababu hupita kimya: madhara ya kwanza ambayo mtoto huyu aliyapata ughaibuni yalitokana na tahadhari iliyozidi mipaka.

Mtoto aliandikiwa mkoba wa dharura wenye kalamu mbili za adrenalini, yaani sindano za dharura zenye dozi iliyokwisha kupimwa, za mikrogramu 150 kila moja, dawa ya mzio ya matone na dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe. Maelezo ya mtengenezaji wa kalamu yanaanzia kilo 15, lakini miongozo ya madaktari wa mzio inaruhusu dozi hiyo kuanzia kilo 7.5, na daktari aliwaeleza wazazi tofauti hiyo waziwazi ili wasije wakaisoma karatasi ya ndani ya kasha usiku wa manane wakaogopa. Walifundishwa kuchoma kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Walipewa pia karatasi ya maelekezo ya dharura yenye picha ya mtoto, kwa Kijerumani.

Kituo cha malezi

Wazazi walihofia kituo cha malezi ya mchana kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo mambo yalipokwenda vizuri zaidi, kwa hiyo sitakaa sana. Walimu walisita mwanzoni kuhusu kumchoma mtoto sindano. Walikubali baada ya daktari kuandika maelekezo, wazazi kutia saini ridhaa, na wote kufanya mazoezi kwa kalamu isiyo na sindano. Iliwasaidia pia kukumbushwa kwamba sheria ya Ujerumani inamtaka kila mtu atoe msaada penye dharura.

Upande wa chakula, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 13, 2014, inataja makundi 14 ya vyakula ambavyo lazima vitajwe: nafaka zenye gluteni, kaa na kamba na jamii yao, mayai, samaki, karanga, soya, maziwa, njugu za miti kama korosho na lozi, seleri, haradali, ufuta, salfaiti (kemikali za kuhifadhi chakula), lupini, na konokono na chaza na jamii yao. Kwenye pakiti lazima vionekane tofauti na maandishi mengine, kwa kawaida kwa herufi nzito. Kwa chakula kisichofungashwa, kama cha mgahawa au cha kituo cha watoto, taarifa lazima ipatikane. Mama alijifunza kusoma pakiti kwa Kijerumani kabla hajajua kuuliza njia. Alijua kwamba karanga na njugu za miti ni makundi mawili tofauti katika sheria, na kwamba bidhaa isiyo na moja inaweza kuwa na jingine. Alijifunza kuitazama lupini, jamii ya kunde inayosagwa na kutiwa katika mikate na soseji zisizo na nyama, kwa sababu baadhi ya wenye mzio wa karanga hudhurika nayo. Alijua pia kwamba onyo la chembechembe zilizoingia kwa bahati mbaya ni la hiari, hivyo pakiti isiyo na onyo hilo haimaanishi kiwanda hakina karanga.

Mara moja tu nusura jambo litokee. Kampuni iliyokuwa ikipika chakula cha kituo ilibadilishwa, na kwenye orodha ya wiki herufi iliyokuwa ikimaanisha haradali sasa ilimaanisha njugu za miti, kwa maana herufi hizo hazijapangwa na sheria na kila mpishi ana mpangilio wake. Siku ya tambi zenye mchuzi wa majani ya rehani, mwalimu alisoma ufunguo mpya chini ya ukurasa akagundua kwamba mchuzi ulikuwa na korosho, ambazo mara nyingi hutumiwa badala ya mbegu za msonobari kwa kuwa bei yake ni nafuu zaidi. Mtoto akapewa tambi za nyanya.

Jumamosi ya sherehe

Mtoto alikuwa na miaka miwili na miezi minane. Familia ilialikwa kwenye sherehe ya mhitimu mmoja, nyumbani kwa Waafrika Mashariki wenzao, wageni wapatao thelathini. Mama alikuja na chakula cha mtoto kwenye hotipoti. Alipofika alimuuliza mwenyeji kama pilau ina karanga au korosho, akajibiwa kwamba haina. Jibu lilikuwa la kweli.

Nyakati zifuatazo zimejengwa upya kutokana na kumbukumbu za simu na maelezo ya watu wanne waliokuwepo.

Saa nane na dakika ishirini mchana, mama akiwa jikoni anasaidia kuosha vyombo, shangazi mmoja wa heshima alimwona mtoto ameshika kijiko bila chakula, akampakulia pilau kidogo. Upawa alioutumia ulikuwa umetoka kwenye sufuria ya mchicha wa karanga. Mtoto alikula vijiko viwili au vitatu.

Ndani ya dakika tano alianza kujikuna midomo na vipele vikatokea shingoni. Mama aliitwa, akamfuta mdomo, akatoa kwenye pochi yake chupa ya matone ya dawa ya mzio na kumpa. Kufikia saa nane na nusu mtoto alikuwa akikohoa mfululizo, sauti imekauka, na alitapika mara moja. Hapo chumba kiligawanyika. Mzee mmoja alishauri apewe maziwa yakate sumu. Mgeni mwingine, aliyejitambulisha kuwa amewahi kufanya kazi hospitalini, alisema adrenalini ni dawa ya watu waliozimia na inaweza kuupasua moyo wa mtoto. Mama alisema, "Nimeshampa dawa, tusubiri ifanye kazi." Baba alikuwa na maoni tofauti, lakini mkoba wa kalamu ulikuwa chumba cha kulala cha wenyeji, chini ya makoti ya wageni wote, na ilimchukua muda kuupata.

Saa nane na dakika thelathini na nane mama alimchoma mtoto kalamu kwenye paja kwa nje, kupitia suruali, kama alivyofundishwa. Dakika mbili baadaye mgeni mmoja anayejua Kijerumani vizuri alipiga 112, namba ya simu ya dharura. Baba alimbeba mtoto akashuka naye ngazi za ghorofa tatu ili wakutane na gari la wagonjwa barabarani. Gari lilifika likiwa na daktari. Mtoto alikuwa bado anapumua kwa mlio, akachomwa dozi ya pili, akapewa oksijeni na dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa. Alilazwa usiku mmoja kwa uangalizi, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia. Asubuhi aliruhusiwa, akiwa mchangamfu na akidai chai.

Dakika nane

Kutoka kikohozi hadi sindano zilipita dakika nane. Mtoto alipona, na kwa sababu hiyo wengi wa waliokuwepo waliamini mambo yalikwenda sawa. Daktari wa mzio, alipowaona wazazi wiki iliyofuata, hakukubaliana nao, na mimi nipo upande wake.

Kosa la kwanza lilikuwa la mpangilio wa dawa vichwani mwao. Wazazi walikuwa wamefundishwa namna ya kuchoma, lakini hawakuwa wamefundishwa vya kutosha lini. Matone yalikuwa dawa. Kalamu ilikuwa kitu cha mwisho kabisa, cha kutolewa mtoto akizimia. Ukweli ni kinyume. Dawa ya mzio ya matone hupunguza mwasho na vipele, lakini haizuii koo kuvimba wala haipandishi shinikizo la damu linaposhuka, na huchukua muda mrefu kuanza kazi. Adrenalini hufanya kazi ndani ya dakika chache, na ndiyo dawa ya kwanza ya mzio mkali. Kalamu ikitumiwa kwa mtoto ambaye pengine angetulia mwenyewe, madhara ya kawaida ni moyo kwenda mbio, kutetemeka na kuwa na rangi iliyopauka kwa muda mfupi. Ikichelewa kwa mtoto anayeihitaji, madhara yake yanajulikana.

La pili lilikuwa la mamlaka. Katika chumba kile walikuwemo watu wazima kuwazidi wazazi kwa umri, na mama, kwa malezi yake, hakuweza kumpita mzee anayeongea. Si haki kumlaumu. Mpango wa dharura uliotoka kliniki ulidhani kwamba mzazi akishajua la kufanya atalifanya, na haukuhesabu kwamba mama wa miaka ishirini na kitu atalazimika kumkatiza mtu anayemwamkia shikamoo. Karatasi yenyewe, ambayo ingeweza kusema kwa niaba yake, ilikuwa kwa Kijerumani, ndani ya mkoba, chini ya makoti.

La tatu ni kumbeba mtoto wima na kushuka naye ngazi. Katika mzio mkali damu inaweza kukimbia kutoka moyoni, na kumsimamisha au kumtembeza mgonjwa ghafla kunaweza kumwangusha. Mtoto alazwe chali miguu ikiwa juu kidogo, au akishindwa kupumua aketi palepale alipo, na gari la wagonjwa limfuate ndani. Baba aliongozwa na hamu ya kufanya kitu, jambo ambalo mzazi yeyote atalielewa, na bahati shinikizo la damu la mtoto halikuwa limeshuka.

Swali la mama kuhusu pilau nalo lilikuwa sahihi ila fupi. Aliuliza kilichopikwa, hakuuliza kitakachopakulia. Sheria ya herufi nzito inaishia mlangoni mwa nyumba ya mtu. Mle ndani hakuna pakiti wala mwalimu wa kusoma ufunguo wa orodha, kuna upawa mmoja unaozunguka sufuria tano, na watu wanaompenda mtoto kiasi cha kutovumilia kumwona na kijiko kitupu.

Maamuzi yaliyofanywa

Tulikaa jioni mbili kuandika upya karatasi ya dharura kwa Kiswahili, tukiwa na ile ya Kijerumani mkononi na daktari akiipitia kupitia tafsiri yangu. Tuliipanga kwa dalili, si kwa chakula, ili mtu asianze kubishana kama mtoto amekula karanga au hakula. Vipele au uvimbe wa mdomo peke yake: matone, na mtoto asiachwe peke yake hata dakika moja. Kikohozi cha mfululizo, sauti kukauka, kupumua kwa mlio, kulegea, au vipele pamoja na kutapika: kalamu mara moja, kisha 112, na kalamu ya pili baada ya dakika tano hadi kumi kama hajapata nafuu. Mstari wa mwisho uliwekwa kwa ombi la mama mwenyewe: "Daktari ameagiza hivi. Mwenye mtoto haombi ruhusa ya mtu." Niliuona mkali nilipouandika kwa mara ya kwanza. Mama alisisitiza ubaki, na alikuwa na sababu.

Mkoba ulihamishwa kutoka kwenye mfuko wa nguo za mtoto kwenda kwenye mkanda wa kiunoni unaovaliwa na mzazi mmoja, na mzazi huyo hutajwa kwa sauti wanapoingia mahali: "Leo mkoba uko kwa baba." Maneno ya kusema kwa 112 yaliandikwa kwa Kijerumani kwa herufi kubwa pamoja na anwani ya nyumba na nafasi ya kujaza anwani ya ugenini. Katika sherehe, mtoto hupakuliwa kwanza kabla sufuria hazijafunguliwa kwa wengine, au hula cha kwake akiwa mapajani mwa mzazi. Shangazi aliyempakulia pilau alifundishwa kalamu ya mazoezi siku ileile tuliyokwenda kumpa pole, maana alikuwa hajalala tangu Jumamosi.

Safari ya nyumbani

Mwaka uliofuata familia ilitaka kwenda kusini kwa bibi. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa majira. Desemba, ambayo kila mtu ughaibuni huitamani, iko ndani ya msimu wa korosho: magunia uani, ubanguaji nyumbani, watoto wa jirani na mifuko yao. Walihamishia safari Juni na Julai, wakapoteza Krismasi ya ukoo.

Walibeba kalamu nne kwenye mzigo wa mkononi, pamoja na barua ya daktari kwa ajili ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Baba aliulizia maduka ya dawa ya mji wao na kukuta kalamu hazipatikani. Adrenalini ya vichupa vya miligramu moja kwa mililita ilikuwepo kituo cha afya. Alimpigia tabibu wa kituo hicho kabla ya safari, na daktari wa Ujerumani akaandika dozi kwa uzito wa mtoto, miligramu 0.01 kwa kila kilo, ndani ya msuli wa paja, ambayo kwa mtoto wa kilo 13 ni mililita 0.13 ya kichupa hicho. Jirani mwenye gari alikubali kuwa na simu wazi usiku. Kalamu hazitakiwi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 25 kwa muda mrefu wala kugandishwa kwenye jokofu, kwa hiyo zilikaa kwenye mfuko unaohifadhi ubaridi, ndani ya chumba chenye kivuli zaidi, na kila asubuhi baba alitazama kidirisha kuona kama dawa bado ni maji maangavu yasiyo na rangi.

Kilichowasumbua zaidi ni bibi. Kwa simu alikuwa amesema kwamba wajukuu zake wote wamekula karanga na hakuna aliyekufa. Baba alitaka kumwekea masharti. Mama akapendekeza wamkabidhi jiko. Siku ya kwanza walimwonyesha video fupi iliyopigwa hospitalini usiku ule, mtoto akiwa na barakoa ya oksijeni, kisha wakamwambia kwamba hawajui jiko lake na wanamwomba awasaidie kutafuta mahali karanga zinapoweza kujificha. Bibi alinyamaza kidogo, akauliza: "Na unga wa ugali je? Mashine si ileile inayosaga lishe?"

Hakuna kati yetu, mimi, wazazi wala daktari, aliyekuwa amefikiria mashine ya kusaga. Mahindi ya jirani hupita pale baada ya mchanganyiko wa soya na karanga, na mawe hayaoshwi. Bibi aliamua ugali wa mtoto utokane na unga wa sembe wa kiwandani uliofungwa, na kwamba kinu cha kutwangia karanga kisiguswe kwa kitu kingine. Akanunua kinu kidogo kipya na upawa uliofungwa kitambaa chekundu kwenye mpini. Wageni waliokuja na zawadi za kashata walipokelewa barazani naye, kwa ukarimu na ukali wa kutosha.

Tukio moja lilitokea. Mjomba aliyekuwa akitafuna karanga za kukaanga alimbusu mtoto shavuni, na vipele vikatoka mahali pale tu. Shavu na mikono vilioshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu jeli ya kusafishia mikono haiondoi protini za karanga, mtoto akapewa matone, na bibi akakaa naye saa mbili huku karatasi ya Kiswahili ikiwa magotini mwake. Kalamu haikutumika, wala haikustahili kutumika.

Matokeo na yaliyofaulu

Mtoto sasa ana miaka minne, uzito wake unaridhisha, na hajapata mzio mkali mwingine tangu Jumamosi ile. Vipimo vya karibuni vinaonyesha mzio wa karanga na korosho bado upo. Takribani mtoto mmoja kati ya watano wenye mzio wa karanga huachana nao anapokua, kwa hiyo atapimwa tena. Tiba ya kuuzoesha mwili kwa vipimo vidogo vya karanga iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020 kwa umri wa miaka 4 hadi 17, lakini wazazi wameiahirisha: inahitaji dozi ya kila siku na ziara nyingi za kliniki, nao hawajui kama mwaka ujao watakuwa Ujerumani au Tanzania. Naona ni uamuzi wa busara kwa familia iliyo njiani.

Nikilinganisha mahali mtoto alipolindwa vizuri na alipolindwa vibaya, sioni kwamba tofauti ni ya Ulaya na Afrika, kama baadhi ya watu walivyotaka kuihitimisha baada ya tukio. Kituo cha malezi na jiko la bibi vilifanikiwa kwa sababu moja: palikuwa na mtu aliyekabidhiwa jukumu kwa jina, aliyefanya mazoezi, na aliyekuwa na haki ya kusema hapana kwa wengine. Kwenye sherehe kila mtu alikuwa mlezi wa mtoto, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mlinzi wake. Kilichopungua ni mafunzo ya kliniki kuhusu lini, na naamini kliniki zinazohudumia wahamiaji zingepaswa kuuliza swali ambalo kwetu halikuulizwa: mtoto akianza kukohoa mbele ya wakubwa zako, nani atakuzuia, na utamjibu nini?

Kuna jambo moja bado linaendelea. Mama amejifungua mtoto wa pili, ambaye naye ana pumu ya ngozi. Jaribio lililofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015, kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa, lilionyesha kwamba walioanza kula karanga mapema na kuendelea nazo, asilimia 3.2 walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka mitano, ikilinganishwa na asilimia 17.2 ya walioziepuka. Kwa hiyo daktari ameagiza mdogo apimwe, na akiwa salama aanzishiwe karanga zilizosagwa laini mara kadhaa kila wiki, ndani ya nyumba ileile anamoishi dada yake asiyeweza kuzigusa. Wamekubaliana kwamba baba atamlisha mdogo wakati dada yupo kituoni, kwenye kiti kimoja, kwa kijiko kimoja chenye rangi yake, na nguo zitabadilishwa kabla dada hajarudi. Bibi, alipoelezwa kwa simu kwamba daktari wa Ujerumani anataka mjukuu ale karanga, alicheka sana, kisha akauliza kijiko hicho kitaoshewa wapi.